Mbegu za Kanzu

Siku ya tano mama hajasema kitu.
Anazunguka sebuleni na goti lake jipya,
goti la chuma walilomtia hospitali,
anakaa, anainuka, anavuta leso,
na sahani ya wali inarudi jikoni
kama ilivyokwenda.

Kwa daktari alizungumza Kiarabu safi
habari za goti, za sukari, za usingizi.
Hili lakini alinigeukia mimi,
akalishusha chini kwa Kiswahili,
lugha yake ya jikoni na ya homa:
"Mwambie… huko nako pamefunga."
Nikatafuta kwa Kiarabu neno lenye adabu,
sikulipata, nikasema lile lisilo nayo.
Mama akatazama dari.

Vidonge vya maumivu, alisema daktari, hufanya hivyo.
Akaandika dawa. Mama akaikunja karatasi
mara nne, akaitia mkobani,
na huko ndiko ilikokaa.

Jumatano nikaenda soko la wanawake, Ibra.
Bi Ghaniya, barakoa yake imepauka puani,
alinipimia kwa kikombe cha kahawa
mbegu za kitani, nyembamba, za hudhurungi,
zikiteleza kiganjani kama zina haraka.
"Zisage. Halafu maji, maji, maji.
Bila maji ni saruji."

Mama alizitazama.
"Kitani? Kitani ni nguo.
Marehemu baba yako alinioa amevaa kanzu ya kitani.
Leo wanilisha mbegu za kanzu?"

Usiku nikaloweka kijiko kimoja.
Asubuhi bilauri ina ute kama wa bamia.
Akafumba macho, akapiga bismillahi mbili,
moja ya akiba.

Siku ya kwanza, hakuna.
Siku ya pili aliniibia:
alikwenda jikoni akabwia kijiko kikavu, eti aharakishe,
tumbo likavimba kama dumu.
Nikamkumbusha saruji.
Tukarudi kwenye maji, bilauri juu ya bilauri,
na matembezi ya uani,
toka mlango wa kijani hadi kwenye tangi,
hatua arobaini, goti likinung'unika,
na jua la saa moja asubuhi tayari lina meno.

Siku ya nne
mlango wa msalani ukafungwa, ukakaa umefungwa.
Kaka yangu Hilal, funguo za gari mkononi,
akaizima televisheni.
Hakuna aliyemuuliza mwenzake.
Nyumba nzima ikajifanya ina shughuli.

Tukasikia maji yakishuka.

Akatoka uso umeoshwa, leso imefungwa upya,
akakaa pale pale pake.
"Nyumba hii," akasema, "leo hakupikwi kahawa?"

Hilal alilikimbilia birika
kama mtu aliyeitwa kazini.
Mimi nilikwenda uani, nikashika tangi,
nikacheka hadi machozi,
na mengine hayakuwa ya kucheka.

Alikula tende tatu. Akaagiza ya nne.
Kisha, bila kunitazama:
"Mpelekee Bi Shamsa nusu kikombe cha zile mbegu.
Usimwambie za nini.
Anajua."