Mafuta ya Breki

Juzi, kuteremkia daraja la Sabaki,
breki ilizama kama mguu kwenye tope.
Nikapiga tena. Mara ya tatu ikashika;
mbuzi wa watu akavuka na roho yake.

Leo Pijo iko juu ya mawe, uani kwetu Maweni,
gari lililoizidi ndoa yangu miaka saba.
Nimefungua kikopo chini ya boneti:
yaliyotiwa yakiwa rangi ya asali
yamekuwa kahawa ya jana.

Nyevu anauliza: Yamevuja?

Hayajavuja. Yamekunywa.
Mafuta haya yana kiu.
Hayangoji mvua. Hewa hii ya Malindi,
inayogandisha shuka mgongoni,
yanaifyonza kidogo kidogo, kimya, mwaka hata mwaka.
Nilipima chumvi Gongoni miaka tisa,
nimeona gunia kavu likitoka jasho usiku
na hakuna aliyeligusa.
Sasa breki ikishika moto, maji yale huchemka,
huwa mvuke, na mvuke haubebi mguu wa mtu.

Anacheka: Kumbe jina langu ndilo lililokuharibia gari!

Tunaanza gurudumu la mbali, nyuma kushoto.
Mpira mwembamba, chupa ya soda,
yeye kitini, mimi chali na spana.
Kanyaga.
Shikilia.
Nalegeza: yanatoka meusi, yana mapovu.
Nakaza. Achia.
Usiachie kabla sijakaza, hewa itarudi nda—
Nimesikia, Tsofa. Utasema mara ngapi?
Kanyaga.

Lini mara ya mwisho tulisemezana hivi,
neno kwa neno, mmoja akimngoja mwenzake?
Na nyumba yetu nayo haikuvuja popote.

Natia mapya, ya kopo lililofunguliwa leo.
Lile nusu la mwaka jana nimelikataa,
japo bei yake naikumbuka.
Tone limeangukia bawa la gari; hula rangi hadi bati.
Maji, Nyevu, upesi!
Anamwaga ndoo nzima. Tunaloa sote wawili.

Gurudumu la nne yanatoka mangavu,
povu hakuna.
Imegota, asema huko juu. Haishuki tena.

Nafunga chupa chafu, naiandika SUMU kwa mkaa,
nainyanyua juu ya kabati, watoto wasiifikie.
Nanawa kwa sabuni. Nakunja gunia.
Narudi, namkuta bado kitini, goti limemkaza.

Mbona hujaachia?

Hujasema.