Ukurasa Usio na Namba

Duka langu ni futi nane kwa kumi,
nyuma ya stendi ya Moshi.
Nachapa, natoa nakala, najalidi.
Msimu wa mahafali silali:
vitabu vya utabibu navivisha kijani,
vya sheria, damu ya mzee,
vya lugha na historia, buluu, au rangi yoyote
iliyobaki, maana hao hulipa kwa awamu.

Jumanne ile umeme ulikatika saa nne.
Nikaacha mlango wazi nipate mwanga,
upepo wa mlimani ukaingia bila hodi
ukazoa tasnifu tatu mezani:
ya Kapufi, daktari, juu ya vidonda visivyopona;
ya Hidaya Msangi, juu ya mjane na kihamba;
ya Lomayani, aliyezunguka miaka miwili
akikusanya majina ya ndizi.

Watu hucheka wakisikia hiyo ya tatu.
Mimi pia nilicheka, kisha nikamtoza bei kamili.

Nikapiga magoti. Kurasa mia sita na ushei.
Nilidhani maneno yatanisaidia kuzitenga.
Nikaokota ya kwanza: *kisukari*.
Nikaiweka kwa daktari.
Ya pili: *kisukari: fupi, ganda jembamba,
huliwa ikiiva, haipikwi msibani.*
Kumbe ndizi.
Ya tatu: *shemeji alikata mashina kumi na moja
ya kisukari, usiku, kabla ya shauri kutajwa.*

Nikayaacha maneno. Nikafuata namba
na upana wa pambizo.
Lakini jicho la mjalidi lina umbea wake.
Mshiriki wa kumi na nne, miaka sitini na saba,
kidonda kisigino cha kushoto, hukosa kliniki
"siku za baraza". Daktari ameweka
alama ya kuuliza pembeni mwa neno *baraza*.
Mdai, kwa Hidaya, mara mbili hakufika
mbele ya baraza la ardhi;
*sababu haikuelezwa.*
Na kwa Lomayani, Mama N. wa Old Moshi
anataja aina ishirini na tatu, mguu juu ya kigoda,
akifika kwenye kisukari ananyamaza.
Lomayani ameandika:
*Kimya kirefu. Pengine amesahau.*

Hakusahau.
Huyo ni Ndeonansia, shangazi yangu,
asiyesahau hata deni la chumvi.
Krismasi nilimpelekea sukari, kilo mbili,
nikala kwake, nikacheka kwake, nikashuka mjini,
sikuuliza kwa nini mguu mmoja una ndara
na mwingine una kitambaa.
Hawa watatu waliuliza.
Kila mmoja aliuliza vizuri, kwa kalamu,
akaondoka na theluthi yake.

Saa tisa umeme ukarudi, mashine ikaguna.
Ukurasa mmoja ulibaki sakafuni, hauna namba:
fomu ya ridhaa.
*Nimeelezwa, nimeelewa,
nakubali jina langu lisitajwe.*
Na chini yake, kwa herufi zinazopanda kilima,
jina lake lote, la ubatizo, la baba, na la mume.

Niliwapigia simu wote.
Kapufi: zangu ziko kabatini.
Hidaya: zangu nimezitia lakiri.
Lomayani hakupokea; alituma ujumbe
kwamba yuko Rombo, amesikia kuna ndizi
ambayo hakuwa ameiandika.

Vitabu nimevifunga. Gundi imekauka.
Vimesimama rafuni bega kwa bega,
kijani, damu ya mzee, buluu,
migongo ina maandishi ya dhahabu,
wala havijuani.

Fomu nimeikunja, iko mfuko wa shati.
Kesho nafunga duka mapema.
Napanda Old Moshi.
Sibebi sukari.