Uji Uliomwagika

Jumatano, chumba cha nyuma cha zahanati, Isevya.
Muuguzi Mbuke anatuambia tufumbe macho,
tusikilize pumzi ikiingia, ikitoka.
Mimi nasikia tumbo la Mama Kalekwa likinguruma,
nacheka. Naye anacheka.
"Hata huko ni kusikiliza," anasema Mbuke.

Kiu hainijii Jumatano.
Hunijia usiku, saa ya treni ya Kigoma,
na harufu ya wanzuki ambayo haipo:
mtungi nilishaupasua,
gae lake kuku wanalinywea maji.
Treni hupiga honi, bati hutetema.
Sina tiketi. Nakaa kitandani.
Inapita. Inachukua muda, lakini inapita.

Leo asubuhi Shija amemwaga uji,
wote, kwenye mkeka mpya.
Mkono wangu ukainuka wenyewe, kama ulivyozoea,
na yeye, miaka minne, akainamisha kichwa
kwa ustadi,
kama mtu anayepita mlango mfupi wa nyumba aliyozaliwa.

Hapo ndipo nilipouona mkono.
Pumzi moja. Ya pili.
Ya tatu haijatimia, nikashika kitambaa.

Tukafuta pamoja. Ulezi umeganda kwenye ukili.
Sikumwambia neno la maana,
nilisema tu, "Na hapa bado."
Akafuta na pale.

Mapacha wako Urambo kwa bibi yao,
wananijua kwa sauti ya simu.
Huyu yuko hapa, magotini,
ananitazama usoni,
kisha anautazama tena mkono.