Kitunguu

Ofisi yetu iko Hessle Road, ghorofa ya pili,
juu ya ghala ambalo zamani lilikuwa la samaki.
Mvua ikinyesha, na Hull mvua haibahatishi,
kuta hukumbuka chewa.

Mimi ni msomaji wa serikali.
Yuko wa Kipolandi, yuko wa Kiurdu, yuko Denise wa Kiingereza
mwenye meza tatu na miwani miwili.
Kiswahili niko peke yangu.
Vitabu hufika kutoka bandarini ndani ya magunia;
navisoma, natia wino mweusi panapostahili,
na pasipostahili naandika chini, kwa mwandiko wa shule:
Hakuna neno.
Bwana Oldroyd hugonga muhuri. Hajawahi kuuliza
kama hiyo ni ruhusa au ni tanzia.

Mwaka ule walileta Orodha: maneno arobaini,
kila moja na nafasi tupu ubavuni,
nikaambiwa nijaze ya kwetu kabla ya saa kumi.
Ilikuwa Ramadhani ya kiangazi, jua la huku
limekaa mbinguni kama mgeni asiyejua kuaga.
Thelathini na saba niliyatafsiri kwa haki. Niliogopa.
Nina mtoto, nina kodi ya nyumba, sikuutaka ushujaa.
Lakini matatu, sijui ni njaa, sijui ni kitu gani,
penye swali nikaandika sufuria,
penye kumbuka nikaandika koroga,
na penye uhuru, kalamu ikiniteleza kwa jasho,
kitunguu.

Basi.
Tangu siku hiyo uhuru umepita mbele ya macho yangu
kwenye tenzi, kwenye barua za mapenzi,
mara kumi na moja ndani ya hotuba moja. Sikuugusa.
Bali kitunguu! Nimekifuta hadi kidole kikaota sugu.
Kitabu cha mapishi kilichochapwa Tanga
kilitoka mikononi mwangu hivi: chukua, kisha weusi,
kisha viwili vikubwa, vimenye, vikaange mpaka viwe vyekundu.
Wino hufuta jina. Ngeli haifutiki.
Vi, vi, vi: nyayo za mtu aliyeondolewa
zikienda zake kwenye mafuta ya moto.

Na watu si wajinga.
Mama Byamungu wa Bransholme, asiyenunua kitabu
ila cha kupikia, aliuinua ukurasa kwenye taa,
akasoma kilicho chini ya wino,
akamuuliza jirani: kitunguu kimefanya nini?
Jirani hakujua. Akamuuliza mwenzake wa zamu ya usiku.
Kufikia Novemba, kituoni,
kando ya kile kibanda cha simu cha rangi ya maziwa,
nilisikia vijana wawili wakiamkiana kwa sauti ya chini:
Vitunguu vipi?
Vinakuja.
Nikatazama viatu vyangu.

Jana saa ya chakula Bwana Oldroyd alinikuta jikoni.
Ana mkate, jibini na kisu kidogo; anakata, anapenga kamasi,
macho yamemwiva. Si mtu mbaya.
Akanionyesha duara jeupe kwenye ncha ya kisu,
akauliza kwa ule upole wa mtu mwenye mafaili:
Hiki kwenu mnakiitaje?

Birika lilikuwa linachemka.
Orodha ilikuwa ukutani nyuma yake, yeye mwenyewe
ndiye aliyeipigilia msumari. Namba kumi na tisa.

Nikasema: Uhuru.

Akalijaribu. Nikamrekebisha mkazo kidogo, kama mwalimu.
Akafurahi mno.
Akatoka na sandwichi yake, akaifuata korido nzima
akimwambia Denise, akimwambia mlinzi wa mlangoni,
mdomo umejaa, machozi yanamtiririka,
uhuru, uhuru,
akiomba radhi kwa harufu.