Kurasa Zilizoliwa na Mchwa

Kitabu nilikiazima maktaba ya Malindi.
Hakikuwa na jalada, mgongo umeshonwa kwa uzi wa gunia,
na mwisho wake, kurasa kama kumi hivi,
mchwa walikwisha kuzisoma kabla yetu.

Nikawasomea wadogo zangu, Tima na Shee,
juu ya jamvi, chumba cha nyuma, Maweni:
jicho likifuata Kizungu, ulimi ukitoa Kiswahili,
na nisipojua, natia chumvi yangu.

Palikuwa na baba, fundi viatu wa Alabama,
mwenye gari la rangi ya mtindi;
mama aliyemsuka Vena kwa mafuta na ukali;
na Wendeli, miaka mitano, hanyamazi.
Safari ya siku mbili kwenda kwa bibi yao.
Mama kakaanga kuku usiku kucha,
kafunga mikate kwa kitambaa, kajaza maji chupa sita.
"Kwani njiani hakuna hoteli?" Shee akauliza.
Zipo, nikamwambia. Tele.
Ila milangoni pameandikwa.

Maneno yenyewe yalinishinda.
Nikasema: "Watu wa rangi wapite nyuma."
Tima akautazama mkono wake, akautazama wa Shee.
"Rangi gani?"
Nikafunua ukurasa wa pili haraka.

Kisha Wendeli akabanwa na mkojo.
Kituo cha petroli: mafuta waliuziwa, choo wakanyimwa.
Baba akahesabu chenji, kimya,
akawasha gari.
"Mbele kidogo, mwanangu. Mbele kidogo."
Maili thelathini za mbele kidogo.
Juu ya jamvi, Tima naye kabana miguu.

Na hapo ndipo mchwa walipoanzia.

Ukazuka ugomvi!
Shee anaapa baba aligeuza gari akakivunja kile kituo.
Mimi nasema walifika salama, bibi kawapikia.
"Umejuaje, na karatasi hakuna?"
Nyanya Mwanashee alikuwa kizingitini na ungo wake wa mchele,
tukidhani hasikii.

"Choo hicho nakijua," akasema.

"Si cha huko kwao. Cha hapa hapa, hoteli ya walowezi, ufuoni,
mwaka wa hamsini na saba.
Nilifua mashuka yao, nikayapiga pasi ya makaa,
nikatandika hata ukiangusha shilingi inaruka.
Nikibanwa, navuka barabara, naingia kichakani,
na mama yenu tumboni, mzito kama mtungi."
Hakuinua uso. Akaokota kijiwe, akakirusha uani.

"Bendera ilipobadilika, nilingoja miezi minne.
Kisha nikavaa buibui jipya, nikamshika mama yenu mkono,
nikapita mlango wa mbele.
Magoti yangu maji.
Aliyetuletea chai ni Kitsao, tuliyekula naye jikoni miaka saba;
kikombe kilimtetemeka kuliko mimi.
Akaniita 'mama', kama hanijui.
Shilingi mbili! Na chai yenyewe, wallahi,
maji yaliyoogeshea birika.
Nikainywa yote.
Nikarudi nyumbani nikapika yangu."

Shee alicheka hadi akalala chali.
Mimi nilikuwa natafuta penseli.
Tima hakucheka.

"Na choo, Nyanya? Siku ile uliingia?"

Nyanya akauweka ungo chini.
Mchele ukamwagika kidogo, asiuokote.
"Niliingia. Wala sikuwa na haja.
Nikakomea mlango, nikasimama tu mle ndani,
kuta nyeupe, taulo ambazo nilizifua mimi.
Nikauvuta ule mnyororo.
Nikangoja maji yajae.
Nikauvuta tena.
Mara tatu nimeuvuta, mama yenu nje anagonga, anadhani nalia."

Tima akainuka mbio, akaelekea uani.
Tukamsikia akimwaga maji kwa kata:
moja,
mbili,
na baada ya kitambo, ya tatu.