Mchanga Kwenye Mashuka

Mkiniuliza Singapuri, nitawajibu kwa madoa:
divai nyekundu, mchuzi wa kaa wa pilipili
kwenye vitambaa vya meza mia nane.
Phuket ilikuwa mchanga,
mweupe, laini kama unga wa muhogo,
umejificha kwenye pindo za mataulo
hadi chujio la mashine likaanza kukohoa.
Langkawi, mafuta ya kujipaka juani.
Halong siijui. Siku ile ilinyesha,
abiria hawakushuka, mataulo yalibaki makavu,
na sisi wa dobi tukalala saa nzima ya ziada.

Huko chini ya mstari wa maji hakuna dirisha.
Kuna saa ya ukutani,
na Mfilipino mmoja, Rodel, anayezijua bandari kwa masikio.
"Sikia injini," anasema. "Tumefika Penang."
Juu yetu ghorofa kumi na moja za watu
wanakipiga picha kitu ambacho sisi
tunakisikia tu kikigonga ubavu wa meli.

Miezi tisa.
Pasipoti yangu ina mihuri kumi na saba.
Miguu yangu ina mmoja.

Ni Penang hiyo hiyo, ruhusa ya saa mbili.
Nilitaka hekalu. Nilitaka treni ya kupanda mlimani,
ile ya kwenye kipeperushi
nilichokiopoa kwenye mfuko wa suruali ya mtu.
Nikaishia sokoni, nimesimama kama nguzo
mbele ya gunia la visamaki vikavu,
vyembamba, macho wazi, rangi ya fedha iliyochoka.
Muuzaji akanitajia jina lake kwa lugha yake.
Nikamwambia: dagaa.
Akacheka, akanijazia kiganja, bure.
Nikavila vikavu hivyo hivyo nikirudi gatini.
Vilikuwa na chumvi. Ziwa letu halina chumvi.
Na nyingine niliiongeza mwenyewe.

*

Leo Jumamosi, bandari ya Mwanza.
Mama amekata tiketi mbili za Nansio
na zote kazishika yeye, nisije nikapoteza,
mimi niliyevuka Bahari ya China.
Nimekaa kwenye kiti cha abiria
na mkono wangu, bila kuniuliza,
unapapasa kitambaa kutafuta doa.

Mawe ya mji yanabaki nyuma, moja juu ya jingine,
kama mashuka yaliyokunjwa na mtu mwenye haraka.
Mama anamenya chungwa.
"Ghana nimefika mara tatu," anasema.
"Ghana gani, mama?"
"Ghana ya huku Ukerewe. Kumbe kuna nyingine?"

Nami sikuwahi kumuuliza.
Miaka ishirini ya magunia ya dagaa,
niliona pesa ya ada, sikuiona safari.
"Irugwa nililala juu ya mzigo,
nikaamka nywele zimejaa magamba.
Ukara wana deni langu. Au mimi nina lao,
tulishasahau, tunasalimiana tu.
Goziba mimba iliharibika, kabla yako.
Mwanamke mmoja pale, Mkami, alinifunika kanga yake
na hakutaka nimrudishie."
Akanipa kipande cha chungwa.
"Kula, bado tamu."

Nilitafuta neno la kusema.
Kwenye ile meli kulikuwa na mzee mwenye kipaza sauti,
kila asubuhi aliwaeleza abiria
kisiwa kilichoko mbele yao:
urefu wake, ndege wake, wakati mzuri wa kupiga picha.
Mama hakutaja urefu wa kisiwa hata kimoja.

Nansio. Watu wanasukumana kuwahi ubao wa kushukia,
kuku wanalalamika, mtu anaita "Tabu! Tabu!"
na Tabu watatu wanageuka.
Nilivua viatu.
Mama alinitazama kama mtoto anayetafuta homa,
lakini hakusema kitu.

Usiku, kwa mama mdogo, mashuka ni mapya,
bado yana mikunjo ya dukani.
Nimepanda kitandani na miguu yangu ilivyo.
Nasikia punje zikisugua pamba,
sauti ndogo ninayoijua vizuri kuliko jina langu.

Kutoka chumba cha pili: "Umenawa miguu?"

"Nimenawa," nikadanganya.