Mstari wa Tisa

Chumba changu hakina dirisha.
Ibra yote inaungua, Juni, saa saba mchana,
nami nimekaa gizani na koti la baridi,
macho kwenye mbavu za watu nisiowajua.

Mbavu zile zilikuwa za Muhanna bin Seif.
Ameanguka, fomu ilisema, akisafisha tangi la maji.
Umevunjika ubavu? Swali ndilo hilo tu.
Haukuvunjika.
Lakini juu, pafu la kulia, nyuma ya mtulinga,
palikuwa na doa kama punje ya dengu.

Niliandika. Mungu shahidi, niliandika.
Mstari wa tisa: kivimbe, milimita nane,
apigwe picha nyingine ndani ya miezi mitatu.
Nikatia sahihi, nikabonyeza, ikaenda.

Ikaenda wapi?

Daktari wa dharura alisoma mstari wa kwanza,
akampa vidonge vya maumivu.
Zamu ikabadilika. Mkataba wake ukaisha, akarudi kwao Kerala.
Muhanna akarudi kwenye tangi lake.

Miezi kumi na sita. Dengu imekuwa ngumi.

Kamati ilikaa Maskati, kahawa, tende kwenye sahani ya bati.
Wakili wa hospitali alitabasamu: Daktari Rayya aliandika, yumo salama.
Mama mmoja mwenye miwani, mwisho wa meza, akauliza taratibu:
"Simu iko mezani kwako?"
Ipo.
"Mbali kiasi gani?"
Nikanyoosha mkono. Haukufika hata dhiraa.

Thuweini, mwanawe, hakunilaani.
Alinifuata kwenye ngazi, akasema kwa Kiswahili,
kile tunachokificha kazini na kukirudia matangani:
"Sisi tulikuwa nyumbani, daktari.
Simu zetu zote zilikuwa wazi."

Mjumbe hauawi, tulifundishwa.
Kweli. Mimi mzima, nina leseni, nina bima.
Aliyekufa ni yule ambaye ujumbe haukumfika.

Usiku huu, mwanamke wa miaka arubaini na moja.
Wanatafuta jiwe la figo. Jiwe lipo.
Na kwenye kongosho, pembeni kabisa, kivuli.
Naandika. Kisha nanyanyua simu.

"Si umeshaandika?" anasema wa zamu, mdomo umejaa chakula.
"Nitaisoma."
Isome sasa. Nipo. Nisomee mstari wa tisa.

Anatafuna. Anameza. Anaanza kusoma,
anafika katikati, anasita.
"Subiri," ananiambia,
"huyu yupo hapa bado. Anavaa viatu."